"Haijibu" au "Haijajibu"? Maoni Kuhusu Programu Zinyamazazo Zikiwa Kazini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laweza kudhaniwa kuwa halina nafasi katika jarida la Kiswahili: namna programu ya kompyuta inavyopaswa kuendelea kumjibu mtumiaji wake wakati inapotekeleza kazi ndefu. Kwa desturi jambo hili huachiwa mafundi. Kwa maoni yangu si sahihi kuwaachia wao peke yao. Idara zetu siku hizi haziishii kutumia programu zilizoandikwa kwingine. Walimu na wanafunzi wao huandika programu ndogondogo za kutafutia mifano ya sarufi, za kulinganishia miswada ya tenzi, za kupangia vidahizo vya kamusi. Isitoshe, kiini cha tatizo lenyewe ni mazungumzo baina ya pande mbili. Upande mmoja unaponyamaza bila kueleza sababu, hilo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la umeme na waya.

Tuchukue mfano. Mtafiti anataka kukusanya vitenzi vyote vyenye kiambishi -ka- cha masimulizi. Anatumia hazina kubwa ya matini, tuseme ile ya Kiswahili iliyoko Helsinki, ambayo toleo lake la pili la mwaka 2016 lina maneno yapatayo milioni 25. Programu aliyoandikiwa na mwanafunzi wake hukagua neno moja baada ya jingine. Tukikadiria kwamba kukagua neno moja huchukua sehemu 20 tu za milioni moja ya sekunde, kazi nzima itachukua sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Muda huo si mrefu hata kidogo. Mtu aliyekusanya mifano kwa kadi na kalamu angeuona kuwa ni miujiza. Lakini katika dakika hizo zote dirisha la programu limeganda. Kitufe hakibonyezeki. Maandishi hayasogei. Dirisha linapauka kama kitambaa kilichofuliwa mno, na mtafiti hana njia ya kujua kama kazi inaendelea au imekufa. Baada ya dakika 3 anaifunga programu kwa nguvu na kuanza upya. Mara ya pili anavumilia dakika 4, kisha anaifunga tena. Asubuhi inakwisha, na kazi ambayo ingemalizika kabla chai haijapoa haikufanyika.

Hapo ni kutafuta tu, na hasara yake ni muda. Hali huwa mbaya zaidi programu inaponyamaza wakati wa kuhifadhi. Mtu aliyenukuu masimulizi ya wazee kwa miezi mingi, saa baada ya saa za kanda, akiifunga programu iliyoganda katikati ya kuandika faili lake, aweza kubaki na nusu ya faili. Wazee wengine aliowarekodi huenda wameshafariki. Basi tusiseme kwamba tunajadili mapambo ya kioo.

2.0 Mhudumu mmoja dirishani

Ili tuelewane, yafaa kueleza kinachotokea ndani. Istilahi ya "dirisha" imetufaa kuliko walivyotarajia walioitafsiri, maana programu yenye madirisha hufanya kazi sawasawa na dirisha la posta lenye mhudumu mmoja. Kila tendo la mtumiaji, kubofya kipanya, kubonyeza herufi, kuvuta ukingo wa dirisha, ni mteja anayejiunga na foleni. Mhudumu humchukua wa kwanza, humtimizia haja yake, humwita anayefuata. Hata agizo la kulichora upya dirisha lililokuwa limefunikwa ni mteja katika foleni hiyohiyo. Mambo huenda vizuri maadamu kila mteja ana haja ndogo. Siku mteja mmoja akisema, "Nihesabie barua zote zilizomo ghalani," na mhudumu akaacha kiti chake kwenda kuhesabu, foleni husimama. Hakuna aliyekataliwa huduma. Hakuna tu wa kuitoa.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, na katika kompyuta za Macintosh hadi mfumo mpya wa mwaka 2001 ulipoingia, programu zote zilitegemea hisani ya wenzao: kila moja ilipaswa kuachia zamu kwa hiari yake. Moja ikikataa kuachia, mashine nzima husimama. Windows 95 ilileta utaratibu wa kuinyang'anya programu zamu yake kwa nguvu, na tangu hapo programu iliyoganda haiwagandishi majirani zake kwa urahisi. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, hata hivyo, mhudumu amebaki mmoja mpaka leo.

Msomaji atauliza, kwa nini asiajiriwe mhudumu wa pili dirishani? Swali hili ni zuri, nalo limeshajaribiwa na watu hodari. Mwaka 2004 Graham Hamilton, aliyekuwa Sun Microsystems, aliandika juu ya majaribio ya namna hiyo na kuyaona kuwa ni ndoto iliyoshindwa. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni hii. Matendo ya mtumiaji hupanda kutoka kwenye kioo kwenda kwenye programu, na maagizo ya kuchora hushuka kutoka kwenye programu kwenda kwenye kioo. Kila mpitaji hufunga milango nyuma yake ili asiingiliwe. Anayepanda amefunga mlango wa chini na anaungoja wa juu; anayeshuka amefunga wa juu na anaungoja wa chini. Ni watu wawili waliokutana katikati ya daraja jembamba, kila mmoja akiwa na mzigo kichwani. Kwa sababu hiyo Swing, Qt na Tkinter, pamoja na zana nyingine nyingi za kutengenezea madirisha, zimebaki na kanuni moja: anayeligusa dirisha ni uzi mmoja tu wa utendaji.

Kinachowezekana, kwa hiyo, ni kumpata mtu wa ghalani. Mhudumu anabaki kitini, anampa mwenzake kazi ya kuhesabu, na mwenzake humpelekea vikaratasi: nimefika rafu ya 10, nimefika rafu ya 20. Mtu wa ghalani haruhusiwi kuja dirishani kuzungumza na wateja mwenyewe. Zana za kazi hiyo zimekuwapo kwa miaka mingi. Lugha ya Java iliingiziwa yake rasmi mwaka 2006, na kabla ya hapo wengi walijitengenezea. Waandishi wa Python wajihadhari kidogo, kwa kuwa katika Python ya kawaida nyuzi zote hugombea kufuli moja, na kazi nzito ya kukokotoa yaweza kumchelewesha mhudumu hata kama iko ghalani. Afadhali kazi kama hiyo ipelekwe katika mchakato mwingine kabisa.

Iko pia njia ya kimaskini, nayo naipenda kwa programu zetu ndogo. Mhudumu mwenyewe aihesabu ghala, lakini kwa mafungu. Katika mfano wetu, akikagua maneno 2,500 atakuwa ametumia sehemu 50 za elfu moja ya sekunde. Basi na arudi kitini, awasikilize wateja waliopo, kisha aende tena. Fungu hilo litarudiwa mara 10,000. Hata kama kila kurudi kitini kunagharimu sehemu moja ya elfu ya sekunde, zitaongezeka sekunde 10 tu juu ya zile 500. Hakuna kufuli, hakuna daraja jembamba, na mwanafunzi wa mwaka wa pili aweza kuiandika na kuielewa.

Ina mtego wake, nao uliwanasa wengi katika siku za Visual Basic, ambamo agizo moja lilitosha kumwambia mhudumu awahudumie wateja waliopo kisha aendelee. Tuseme mteja anayefuata ni mtumiaji yuleyule, amebonyeza "Tafuta" kwa mara ya pili kwa kukosa subira. Utafutaji mpya unaanza ndani ya tumbo la ule wa kwanza, na orodha ya matokeo inajazwa na mikono miwili. Kinga yake ni rahisi: kitufe kizimwe kazi inapoanza, kiwashwe inapokwisha. Ajabu ni mara ngapi jambo hilo dogo husahauliwa.

3.0 Hodi na kimya chake

Ni muda gani wa kimya unaoweza kuvumilika? Mwaka 1968 Robert B. Miller, aliyekuwa IBM, alilishughulikia swali hili katika makala ambayo bado inatajwa, na alichoanzia si mashine bali mazungumzo ya watu: mtu akimsemesha mwenzake hutarajia dalili ya kusikiwa ndani ya sekunde chache. Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliviweka viwango ambavyo wengi huvifuata: chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona jambo limetokea papo hapo, hadi sekunde 1, mawazo yake hayakatiki, ikipita sekunde 10, akili yake imeshahamia kwingine.

Sisi tuna kipimo chetu. Mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa huondoka. Mwenye nyumba aliye jikoni, mikono imejaa unga, haachi kupika ili aitikie. Hupaza sauti tu: "Karibu! Ngoja kidogo." Hajaifanya haja ya mgeni hata chembe, ila amemtoa mashaka. Adabu hiyo haitaki mwenye nyumba awe mwepesi. Inataka asiwe kimya. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu wapo wanaodai kwamba tatizo litajiondokea mashine zikiongezeka kasi. Kasi imeongezeka mno tangu 1992, na madirisha bado yanaganda, kwa kuwa kila kasi inapopanda tunaipa mashine matini nyingi zaidi. Wapo pia watakaotukumbusha kwamba subira huvuta heri. Kweli, lakini anayeambiwa asubiri lazima kwanza aambiwe.

Mfumo wa Windows wenyewe hufanya kazi ya jirani anayechungulia. Dirisha lisipowapokea wateja wa foleni yake kwa sekunde 5, mfumo hulihesabu kuwa limeganda, hulipausha, na katika kichwa chake huongeza maneno ya kumwarifu mtumiaji. Hapa ndipo lugha yetu ina la kusema. Tafsiri inayomjia mfasiri kwa wepesi ni "haijibu". Wanaisimu wenzangu wataona mara moja kasoro yake. "Haijibu" ni kanushi la hali: hiyo ndiyo tabia yake, ndivyo ilivyo. Kinachojulikana na mfumo ni kidogo kuliko hicho. Unajua tu kwamba sekunde 5 zimepita na jibu halijaonekana. Kiswahili kina kiambishi cha jambo hilohilo: "haijajibu". Binti akiulizwa habari za dada yake, "hajaolewa" na "haolewi" si jibu moja, na atakayeyachanganya atazua ugomvi wa koo mbili.

Huenda ikasemwa kwamba -ja- inaahidi mno, kwamba inamfanya mtumiaji atarajie jibu ambalo pengine halitakuja. Sioni hivyo. Kiambishi hiki huuacha mlango wazi bila kuahidi kwamba mtu atapita. Na mlango huo ni lazima uachwe wazi, maana Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja wa jumla uwezao kuamua, kwa kila programu, kama itafikia mwisho wake au itazunguka milele. Mfumo haumjui mfu na mwenye shughuli. Lugha nyingi hulazimika kuongeza neno zima ili kueleza kutojua huko. Sisi tunahitaji silabi moja. Wafasiri hulalamikia ufinyu wa nafasi katika kichwa cha dirisha, na malalamiko yao ni ya haki, lakini "haijajibu" inazidi "haijibu" kwa herufi 2 tu.

4.0 Maneno ya kungojea

Tangu mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu zenye sura ya Kiswahili zimekuwa jambo la kawaida. Juhudi hizo zastahili heshima. Hata hivyo mfasiri hupewa orodha ndefu ya vipande vya maneno bila kuonyeshwa vitatokea wapi, na matokeo yake yanaonekana zaidi katika maneno ya kungojea kuliko popote. Nimewahi kuona "Kupakia..." pale palipohitajika "Inapakia". Kitenzi-jina hutaja kazi bila kusema nani anaifanya wala lini. Ni kichwa cha sura ya kitabu, si jibu la mwenye nyumba. Nafsi na njeo ndizo zinazomtoa mgeni mashaka.

Tena "Tafadhali subiri" peke yake ni adabu isiyo na habari. Mwaka 1985 Brad Myers, akiwa Chuo Kikuu cha Toronto, alichapisha uchunguzi juu ya vipimo vinavyoonyesha asilimia ya kazi iliyokwisha, na akaona kwamba watumiaji walivipenda. Naafiki, kwa sharti moja: kipimo kisiseme uongo. Sote tunaufahamu ule mstari unaokimbia hadi 99 kisha ukalala hapo usingizi wa pono. Programu isiyojua mwisho wa kazi yake isitoe asilimia. Iseme inachokijua: "Imesoma faili 40, imepata mifano 312." Njeo ya -me- inatosha, na mtumiaji akiona 40 imekuwa 41 ameshajua kwamba kuna mtu jikoni. (Waandishi wa programu wazingatie pia upatanisho: "maneno 1 yamepatikana" ni aibu ndogo inayoepukika kwa mstari mmoja wa msimbo, na masikio ya Mswahili huisikia.)

Suala gumu zaidi ni la kitufe cha kuacha. Kiingereza kimezoea neno moja kwa mambo matatu, na tafsiri zetu zimerithi utata huo bila sababu, ilhali sisi tunayo maneno matatu. "Simamisha" ni kupumzisha kazi ili iendelee baadaye pale ilipofika. "Katiza" ni kuikata njiani, lakini kilichokwisha kupatikana kibaki. "Ghairi" ni kubadili nia: mambo yarudi kama yalivyokuwa kabla hujaanza. Mtafiti aliyekwisha kupata mifano 312 katika dakika ya tano angependa kukatiza. Akipewa "Ghairi", na programu ikafanya kama neno linavyosema, atapoteza yote 312. Na iwapo programu haifanyi kama neno linavyosema, ikaacha nusu ya mabadiliko ndani ya faili, basi kitufe kimesema uongo, na uongo huo wagharimu zaidi kuliko dirisha lililoganda. Kwa mwandishi wa programu, kuchagua neno hapa ni kuchagua kazi. "Ghairi" humlazimu aandike matokeo katika faili la muda, na faili la zamani libadilishwe baada tu ya jipya kukamilika. Utaratibu huohuo, kwa bahati nzuri, ndio unaomwokoa yule aliyenukuu masimulizi ya wazee: programu ikifungwa katikati, faili lake la zamani lingali zima.

Mfano huu wanitosha kuonyesha kwa nini sikubaliani na mgawanyo wa kazi uliozoeleka, ambapo fundi huandika programu yote kisha humletea mwanalugha orodha ya maneno ayatafsiri. Wakati huo uamuzi umeshapita. Kama programu haikujengwa iweze kusimama na kuendelea, neno "Simamisha" halina pa kukaa.

5.0 Pendekezo

Chanzo kikubwa cha programu zinazonyamaza, kwa ninavyoona, si ujinga wa nyuzi na foleni. Ni mahali zinapojaribiwa. Mwanafunzi huijaribu kazi yake kwa faili la kurasa 3, katika mashine yake mwenyewe iliyo mpya. Kila kitu hutokea papo hapo, naye hana sababu ya kushuku. Programu hiyo ikifika katika mashine kuukuu ya chumba cha kompyuta, kumbukumbu yake finyu, matini zote zenye maneno milioni 25 zikingojea, mambo hubadilika.

Napendekeza kwamba idara zinazopokea programu kama sehemu ya tasnifu au mradi wa mwanafunzi ziweke masharti machache kabla ya kuzitahini. Programu iendeshwe mbele ya mtahini katika mashine dhaifu kuliko zote zilizopo, kwa matini yote, si kwa kipande. Wakati kazi ndefu inaendelea, mtahini alivute dirisha, alifunike na kulifunua, abonyeze kitufe cha kuanza mara ya pili, kisha akatize. Maneno yote yanayotokea kiooni katika muda huo yasomwe kwa sauti na mtu asiyejua programu, naye aulizwe anadhani nini kinatokea. Jaribio zima halitachukua zaidi ya nusu saa, na kwa sehemu ya mwisho mhadhiri wa sarufi ana sifa zilezile za kuliendesha kama mhadhiri wa kompyuta.

Bado liko suala la istilahi zenyewe. "Uzi" nimeutumia hapa kwa kuwa unaeleweka, ingawa wenzetu wengine waweza kuona kwamba unavuta mno picha ya nguo. "Foleni" imeshakaa. Kwa kile kipimo cha maendeleo ya kazi kuna "upau" na kuna "mstari", na sina shauri la mwisho. Ningeomba wasomaji wa jarida hili wenye mapendekezo wayalete kabla orodha nyingine ya maneno haijafika mezani kwa mfasiri aliyepewa wiki moja.